Mizani ya Umeme, na Jinsi Ipatavyo Hesabu kwa Haraka

Mkulima apelekapo gunia la kahawa au la pamba penye mizani, kazi yake ya mwaka mzima yategemea hesabu moja tu, nayo ni ile itakayoonekana juu ya mizani. Hesabu hiyo ikipungua, mkulima amedhulumiwa, ingawa hapana mtu aliyetia mkono mfukoni mwake. Ikizidi, mnunuzi ndiye adhulumiwaye. Kwa sababu hiyo watu tangu zamani wameitafuta mizani iliyo ya kweli, na tena isiyowachelewesha wauzaji kutwa nzima.

Mizani ya kale ina vitanga viwili. Kitu huwekwa upande mmoja, na mawe ya mizani upande wa pili, hata vitanga vikae sawasawa. Mizani ya umeme ina kitanga kimoja tu, wala haina mawe. Mara kitu kiwekwapo juu yake, tarakimu huonekana. Watu wengi huistaajabia, lakini kazi yake yafahamika.

Chini ya kitanga limefichwa pande la madini. Uzito ukiwekwa juu, pande hilo hupinda. Kupinda kwake ni kudogo sana, hata jicho haliwezi kukuona. Juu ya pande hilo umegandishwa utepe wa madini mwembamba mno. Pande likipinda, utepe huvutwa ukarefuka kidogo, na umeme hupita ndani yake kwa shida zaidi kuliko kwanza. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, waliigundua njia hii, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe.

Basi uzito umegeuka kuwa umeme. Lakini ishara hiyo ya umeme ni dhaifu, ni sehemu chache tu za elfu za volti moja. Kwa hiyo kwanza hukuzwa. Tena umeme haujui kuhesabu. Huongezeka na kupungua kama maji mtungini, bila vituo, na macho ya mtu yataka tarakimu. Lazima pawe na kitu cha kuigeuza ishara kuwa hesabu, nacho huitwa kigeuzi.

Fikiri ngazi yenye vidato 4,096. Kigeuzi chataka kujua umeme umefika kidato gani. Njia iliyo nyepesi kuifahamu ni kupanda kidato kimoja kimoja, na kuuliza kila mara, “Je, nimefika?” Njia hii ni ya kweli, lakini ni ndefu. Uzito ukiwa mkubwa, kigeuzi kitauliza maswali zaidi ya 4,000 kabla ya kupata jibu moja.

Njia ya pili ni ile ya mfanya biashara mwenye akili na mawe yake. Tuseme ana mawe manne tu: la kilo 8, la kilo 4, la kilo 2, na la kilo 1. Mbele yake pana mzigo wa kilo 13, naye hajui uzito wake. Huanza na jiwe kubwa. Aweka 8: halitoshi, basi huliacha palepale. Aongeza 4, jumla 12: bado hayatoshi, huyaacha. Aongeza 2, jumla 14: yamezidi, basi huliondoa lile la mwisho. Aongeza 1, jumla 13: vitanga vimekaa sawasawa. Amepata jibu kwa kujaribu mara nne, hali mwenzake aongezaye kilo moja moja angejaribu mara kumi na tatu.

Kigeuzi hufanya vivyo hivyo, ila mawe yake ni vipimo vya umeme, kila kimoja nusu ya kile kilichotangulia. Kila jibu huondoa nusu ya vidato vilivyobaki. Kwa hiyo ile ngazi ya vidato 4,096 humalizwa kwa maswali 12 tu. Na ngazi ikiongezwa hata iwe na vidato 8,192, lahitajiwa swali moja zaidi.

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Mwaka 1937 Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliwaza namna ya kuigeuza sauti ya simu kuwa hesabu, na kigeuzi chake kilikuwa cha kuhesabu moja moja. Mwaka 1954 Mmarekani Bernard Gordon alitoa kigeuzi cha kuuzwa kilichotumia njia ya mawe. Kilitengenezwa kwa valvu za kioo, nacho kiliweza kutoa hesabu 50,000 katika sekunde moja. Siku hizi kigeuzi kama hicho huwa kidogo kuliko punje ya hindi.

Lakini haraka haraka haina baraka. Kila kipimo kipya kiwekwapo, lazima kungoja kitambo kidogo umeme utulie. Asiyengoja hupata jibu la uongo upesi. Tena, ishara ikibadilika katikati ya maswali, majibu hayatapatana. Kwa hiyo kigeuzi huichota ishara kwanza na kuifungia katika kihifadhi kidogo, kama mtu achotaye maji ya mto kwa kata ili ayaangalie yakiwa yametulia. Ndiyo maana mizani nyingi za madukani hutumia vigeuzi vya namna nyingine, vilivyo pole zaidi, kwa kuwa mzigo haukimbii.

Upesi una faida nyingine. Kitu kiwekwapo, kitanga hutikisika, na hesabu hupanda na kushuka. Mizani husoma mara nyingi, kisha hutafuta wastani. Ikisoma 1,298, na 1,303, na 1,299, na 1,300, jumla ni 5,200. Ikigawanywa kwa nne, ni 1,300.

Lakini 1,300 ni vidato, si kilo. Hapo ndipo pana kazi ya kuisawazisha mizani. Zamani fundi alikaza skrubu ya mwanzo na skrubu ya mwisho; mara nyingi moja ikiguswa, nyingine huharibika, naye hurudia mara nyingi. Siku hizi mizani husoma mara mbili tu. Kitanga kikiwa kitupu, yasoma, tuseme, 100. Likiwekwa jiwe la kweli la kilo 10, yasoma 3,100. Tofauti ni 3,000. Basi kila kilo ni vidato 300. Mizani huziweka hesabu hizi mbili, 100 na 300, katika kumbukumbu isiyofutika hata umeme ukizimwa. Ule mzigo wa 1,300 ukitolewa 100, yabaki 1,200. Ikigawanywa kwa 300, ni kilo 4.

Kazi hii hufanywa mahali pale mizani itakapotumika, wala si mbali. Mizani ya umeme huupima mvuto wa dunia, nao haulingani kila mahali. Mizani iliyosawazishwa London ikiletwa Nairobi bila kurekebishwa, gunia la kilo 100 litaonekana limepungua zaidi ya gramu 300. Hapana mwizi hapo, lakini mkulima amepoteza mali yake. Mizani ya vitanga viwili haina kosa hili, kwa kuwa mvuto huyavuta mawe na mzigo sawasawa.

Tena jiwe lenyewe lazima liwe la kweli. Tangu mwaka 1889 mawe yote ya kilo yalilinganishwa na kipande kimoja cha madini kilichowekwa Sèvres, karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo yategemea hesabu ya maumbile isiyobadilika. Nchini Tanzania Wakala wa Vipimo huzikagua mizani za biashara.

Basi wataalamu wamepata upesi kwa kupunguza hatua zisizo na faida, wala hawakuiacha kweli. Mizani ya umeme ni mtumishi mwepesi, lakini hukumbuka yale tu iliyofundishwa. Aliyeifundisha kwa jiwe la uongo ataisikia ikisema uongo huo kila siku, kwa tarakimu zing'aazo, nayo haitaona haya. Haya ni ya mtu.

Maswali
1. Kwa mawe ya 8, 4, 2 na 1, utaujuaje mzigo wa kilo 11? Taja kila hatua.
2. Mizani tupu yasoma 50. Kwa jiwe la kilo 5 yasoma 2,050. Ikisoma 1,250, mzigo ni kilo ngapi?
3. Kwa nini mizani ya umeme isawazishwe mahali itumikapo?