Kabla ya ajira, mahali pa kulala: vijana wanaotafuta kazi za msimu Unguja

Utalii wa Unguja una misimu miwili mikubwa. Mmoja huanza Juni, mvua za masika zikishapita, ukaendelea hadi Oktoba. Mwingine ni wa Disemba mpaka Februari, wakati wa upepo wa kaskazi. Kila msimu unapokaribia, boti zitokazo Dar es Salaam na zile za Pemba huteremsha katika bandari ya Malindi wageni wa namna mbili. Wapo wenye mabegi makubwa mgongoni, ambao kitanda chao kimekwisha kulipiwa tangu wangali makwao. Na wapo vijana wetu, wenye bahasha ya vyeti na nambari ya simu ya mtu wanayeambiwa kuwa anafanya kazi hotelini. Hawa wa pili ndio tunaowakusudia katika makala haya.

Familia inapomuaga kijana anayekwenda kutafuta kazi, mazungumzo ya usiku ule huwa ni ya kazi: hoteli ipi, mshahara kiasi gani, nani atamwombea kwa meneja. Kuhusu atakapolala husemwa tu kwamba hapakosi mahali, kisiwa ni cha Waislamu na watu wake ni wakarimu. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kwa maoni yetu, mahali atakapolala kijana katika mwezi wa kwanza ndipo panapoamua kama ataipata kazi, ni kazi ya namna gani ataikubali, na atakuwa mtu gani atakapoipata.

Tuanze na umbali. Mgeni hufikia mjini, ama Mji Mkongwe, ama mara nyingi zaidi Ng'ambo na mitaa iliyo mbele yake kama Amani, Mwanakwerekwe na Fuoni, ambako vyumba vina nafuu. Hoteli nyingi za ufukweni hazipo huko. Zipo Nungwi na Kendwa kaskazini, Matemwe, Kiwengwa na Pongwe upande wa mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani kusini mashariki. Anayetaka kuomba kazi Nungwi atapanda gari ya 116 alfajiri, azunguke mchana kutwa kutoka lango hadi lango, walinzi wakimwambia aache karatasi zake, kisha arejee mjini magharibi. Kesho yake ni Jambiani. Keshokutwa anapigiwa simu kwamba anatakiwa Nungwi saa kumi na mbili asubuhi kwa majaribio. Jikoni na kwenye huduma ya vyumba, majaribio ya siku kadhaa ni jambo la kawaida, na si kila hoteli huyalipia. Aliyelala Fuoni huwa anaitafuta gari wakati aliyelala Nungwi ameshaanza kutandika vitanda.

Sasa tuweke hesabu, kwa mfano tu, kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na hali yake. Tuseme kijana ametoka Tanga au Wete na shilingi 200,000 mfukoni. Akilala gesti kwa shilingi 15,000, akala kwa 5,000 na nauli ikawa 5,000, kila siku inamtoka 25,000. Siku ya nane ikiisha hana kitu. Vijana watatu wakikodi pamoja chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba akataka miezi mitatu mbele, kila mmoja atatoa 60,000 mara moja na kubaki na 140,000. Wakipika pamoja, na kila mmoja akatumia 7,000 kwa siku pamoja na nauli, wanayo siku ishirini za kutafuta, na bado wana paa kwa miezi mitatu. Fedha ni zile zile. Tofauti ni kwamba hawa wa pili walijuana kabla ya kupanda boti.

Siku ya tisa ya yule wa kwanza ndiyo inayotutia wasiwasi. Hataki kurudi nyumbani, kwa kuwa kurudi mikono mitupu ni aibu, na pengine nauli ilikopwa. Hapo hujitokeza mtu wa kumsaidia. Mara nyingi ni mtu mwema kweli, na Mwenyezi Mungu awalipe wote wanaofungua milango yao bila kuuliza. Lakini wapo pia wanaompa godoro kwa sharti la kwenda nao ufukweni kuwaandama watalii, kazi ambayo watu wa Unguja wamewapachika wenyewe jina la papasi, yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Wapo wanaompa nafasi ya kulala nyuma ya baa ili alinde na kusafisha. Kijana huyu hakulelewa kuchagua hayo; ameyachagua kwa sababu jua limekuchwa. Na meneja anayefahamu kuwa mwombaji hana pa kulala hufahamu pia kwamba hatajadili mshahara.

Lililo ajabu ni kwamba watu wa pwani hii si wageni wa kazi za msimu. Wameishi kwa misimu kabla haijajengwa hoteli hata moja. Majahazi ya Oman, Shihr na Kachi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na baina ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa Unguja kwa miezi, wakijaa Malindi na Funguni. Hawakuwa malaika, na watu wa mji waliyaogopa baadhi ya makundi hayo, hasa katika zama za utumwa. Lakini kila chombo kilikuwa na mwenyeji wake mjini: mfanyabiashara aliyejulikana, aliyewatafutia mahali, akawadhamini na kuulizwa juu yao. Washihiri waliokuja kutoka Hadhramaut kuwa mahamali na wachuuzi nao walimfuata ndugu aliyetangulia, wakakaa wengi chumba kimoja au nyuma ya duka, wakila sinia moja, mpaka kila mmoja akapata lake.

Wavuvi wetu wana mpango ulio bora zaidi, na bado wanaufuata: dago. Wavuvi wa Kojani, kwa mfano, samaki wanapohama nao huhama, wakapiga dago pwani za mbali kwa wiki au miezi, Unguja, Tanga, Mafia hadi pwani ya Kenya. Anayekwenda dago haendi peke yake. Huenda na kundi lenye mkubwa wake, vyungu vyao, mikeka yao na zamu za kupika. Wakifika hawajengi banda kabla ya kwenda kwa wazee wa mahali kujitambulisha na kuomba ruhusa. Kama kuna mgogoro, na migogoro ya dago ipo kila mara, anayeitwa kujibu anajulikana. Mvuvi asiyejua kusoma hupanga pa kulala kabla ya kuishusha nyavu. Kijana mwenye diploma ya hoteli tunamwacha aende kama jani.

Tusije tukaipamba mno historia. Nyumba katika mji huu zimekuwa jambo la mvutano kwa muda mrefu. Ng'ambo ilikua kwa watu waliojenga vibanda juu ya viwanja vya matajiri, wengi wao bila ya kutozwa, jambo lililohesabiwa kuwa ni ihsani na wakati mwingine wakfu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wenye ardhi walipoanza kudai kodi kwa nguvu, wakazi walikataa, na mwaka 1928 mgomo wa kodi ya ardhi ukautikisa mji. Waliogoma walikuwa watu wa vibarua na kazi ndogo ndogo, wenye kipato kinachopanda na kushuka. Mtu wa namna hiyo ukimtoza kodi isiyobadilika kila mwezi, unamtaka kitu ambacho kazi yake haikijui. Mwenye nyumba wa leo anayetaka miezi sita mbele kutoka kwa mfanyakazi wa msimu anamtia katika dhiki ile ile.

Na wale wenye mabegi mgongoni? Wengi hulala hosteli za Mji Mkongwe, Paje au Nungwi, vitanda sita au nane chumba kimoja, bei kwa dola. Baadhi yao huomba kufanya kazi ndogo hapo hapo ili walale bure. Nchi kama Australia imelipangia sheria jambo hili: tangu 1975 ina viza maalumu ya vijana wanaotembea huku wakifanya kazi, kwa mataifa waliyopatana nayo, na Tanzania haimo. Kwetu, anayeingia kwa viza ya utalii haruhusiwi kufanya kazi, hata ile inayoitwa ya kujitolea, bila ya kibali. Lakini tuwasifu kwa jambo moja. Katika hosteli hizo habari za kazi, za mwajiri mbaya na za chumba kilichoachwa wazi huzungumzwa mezani kila usiku. Kijana wetu aliyejifungia peke yake gesti hana wa kumwambia kwamba hoteli fulani haijalipa mishahara tangu mwezi uliopita.

Kwa mabinti jambo hili ni zito zaidi, na ndilo linalofanya familia nyingi za Unguja na Pemba ziseme hapana kabla ya kusikiliza. Watu hutaja pombe, mavazi na zamu za usiku, na hoja hizo zina uzito wake. Lakini ukikaa na kina mama na kuwasikiliza vizuri, swali lao la kwanza huwa: atalala wapi, na nani anaye ufunguo? Baadhi ya hoteli zina basi la kuwarejesha wafanyakazi mjini baada ya zamu. Nyingine zina kota. Kota zenyewe si za hali moja. Zipo zenye upande wa wanawake uliotengwa, maji na mlango unaofungwa, na zipo ambazo hazifai kuitwa makazi. Mzazi ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kwenda kuona. Hoteli inayokasirika kwa kuulizwa wafanyakazi wake wanalala wapi imekwisha kujibu. Pasipokuwa na basi wala kota ya kuaminika, njia iliyo salama ni nyumba ya familia kijijini, kwa bibi au mjane mwenye chumba cha ziada, kwa kodi inayojulikana. Ukodishaji wa aina hii huwapa wanawake wa vijiji vya hoteli pato ambalo utalii haukuwaletea kwa njia nyingine.

Yapo mambo ya kutayarisha kabla ya safari. La kwanza ni sheha. Kwa mujibu wa taratibu za Zanzibar, sheha huweka kumbukumbu za watu wanaoingia na kuhamia katika shehia yake, na mgeni anatakiwa ajulikane kwake. Kijana aondoke na kitambulisho chake na barua ya sheha wake, au ya serikali ya mtaa kama anatoka Bara, na akifika aongozane na mwenyeji wake kujitambulisha. Wengine huliona hili kama kero ya ukiritimba. Sisi tunaliona kuwa ndiyo ile desturi ya wapiga dago, imeandikwa tu. Siku atakapougua, au kutuhumiwa jambo asilolifanya, kuna daftari lenye jina lake. Waliosoma pamoja, iwe katika chuo cha utalii cha Maruhubi, ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au kwingineko, wakubaliane watatu au wanne kabla ya kutawanyika wakodi pamoja.

Kisha kuna wajibu wa sisi tulio wenyeji. Uislamu umemtaja msafiri aliyekwama miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka, na kama kijana aliyeishiwa akitafuta kazi anaingia humo ni suala la kuwauliza masheikh wetu, sio la kuamuliwa na gazeti. Wahenga nao walitoa muda: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa kumfukuza mgeni, lakini isomeni tena. Hawakusema siku ya tatu mwonyeshe mlango. Walisema mpe jembe, maana yake yeye ni mwenzenu katika kazi na bado yumo nyumbani. Jamaat za Kihindi za pwani yetu zililielewa hili zamani, zikajenga musafarkhana ambamo mwenzao aliyesafiri alipata chumba kwa gharama ndogo hadi ajipange.

Mji Mkongwe nao una nyumba nyingi za wakfu, na Zanzibar ina kamisheni inayosimamia wakfu na mali ya amana. Baadhi ya nyumba hizo ni mbovu, na ukarabati wake una gharama na masharti, kwa kuwa mji upo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Sharti la mwenye kuweka wakfu nalo haliwezi kupinduliwa kwa matamanio yetu. Lakini zikipatikana nyumba mbili tu ambazo masharti yake yanaruhusu, moja ya wanaume na moja ya wanawake, zenye msimamizi mwenye haya na daftari la wageni, vitanda kwa bei ya mwananchi, na kikomo cha siku arubaini kwa kila mtu, vijana wengi wangeepuka siku ile ya tisa. Misikiti ya Nungwi na Paje ingeweza kuanza na kitu kidogo zaidi: ubao wenye majina ya nyumba zinazopokea wapangaji waaminifu.

Kwa anayesafiri mwaka huu, neno moja kuhusu mkataba wa chumba. Chumba kilicholipiwa miezi sita kuanzia Juni kitamfikisha mwisho wa Novemba, na msimu wa pili unaanza Disemba. Aliyelipa kuanzia Disemba, miezi yake ya mwisho itaangukia masika, wakati hoteli nyingi hupunguza watu au kufunga kabisa. Amwombe mwenye nyumba, kabla ya kutoa shilingi yoyote, amruhusu kuacha vitu vyake Aprili na Mei kwa nusu ya kodi, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya sheha.