Funguo za Mfalme: Ada inayofunga ngome kongwe ya London kila usiku

KILA usiku ifikapo saa tatu na dakika 53, mkuu wa walinzi wa ngome ya Tower of London, nchini Uingereza, hutoka mnarani akiwa amevalia joho refu jekundu. Mkono mmoja hushika taa ya mshumaa, wa pili hushika funguo.

Hivyo ndivyo inavyoanza Sherehe ya Funguo, ada ya kijeshi inayosemekana kudumu kwa takriban miaka 700.

Ngome hiyo ilianza kujengwa na William Mshindi baada ya kuiteka Uingereza mwaka wa 1066. Tangu hapo imekuwa makao ya wafalme, gereza na hazina. Humo ndimo alimokatwa kichwa Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry VIII, mnamo 1536. Humo pia ndimo yanamohifadhiwa mataji ya kifalme hadi leo.

Kuhusu chanzo cha ada hii, husimuliwa kwamba Mfalme Edward III aliwasili ghafla usiku mmoja mwaka wa 1340, akaingia ngomeni bila kuulizwa na yeyote. Kwa ghadhabu, aliamuru malango yawe yakifungwa kila siku.

Wageni wanaotaka kushuhudia sherehe hii hulazimika kuagiza tiketi mapema mno kupitia mtandao, kwani nafasi ni chache na hunyakuliwa upesi. Mgeni haruhusiwi kupiga picha, na anayechelewa hukuta lango limefungwa.

Mkuu huyo akishaungana na askari wa kumsindikiza, hufunga lango la nje, kisha malango ya minara miwili. Wanaporejea, sauti ya askari wa zamu hupasua giza, bunduki yake ikiwa imeelekezwa kwao:

"Simama! Nani anakuja?"

"Funguo."

"Funguo za nani?"

"Funguo za Mfalme Charles."

Hapo ndipo huruhusiwa kupita. Mbele ya kikosi kilichojipanga kwenye ngazi, mkuu huvua kofia na kumwombea Mfalme ulinzi wa Mungu. Askari huitikia "Amina", saa hugonga saa nne kamili, na tarumbeta hulia. Funguo hupelekwa kulala salama katika nyumba ya mwakilishi wa Mfalme ngomeni.

Maneno hayo hubadilika katika jambo moja tu, nalo ni jina la anayetawala. Hadi Septemba 2022 funguo zilikuwa za Malkia Elizabeth.

Mnamo Desemba 1940, Wajerumani walipokuwa wakiishambulia London kwa mabomu, kishindo kiliwaangusha chini walinzi wakati wa sherehe. Waliinuka, wakajipangusa vumbi, wakaendelea. Afisa wa zamu alimwandikia Mfalme George VI barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Alijibiwa kuwa hataadhibiwa, maadamu kuchelewa huko kulisababishwa na adui.

Je, kuna haja gani ya kumuuliza jina mtu anayejulikana na kila mmoja pale?

Jibu ni kwamba hii si ngoma ya kuwachezea watalii. Malango hufungwa kwelikweli, kwa sababu ndani mna hazina, na walinzi huishi humo pamoja na familia zao. Isitoshe, swali la askari lina funzo: hata mwenye funguo sharti ajitambulishe, na funguo alizoshika si zake. Amekabidhiwa tu.

Funzo hilo latufaa sisi pia. Mjini Mombasa tunayo Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, ikazingirwa kati ya 1696 na 1698, ikageuzwa gereza enzi za Waingereza hadi 1958, na kufunguliwa kama makavazi mwaka wa 1962. Mnamo 2011, UNESCO iliiorodhesha kuwa turathi ya dunia.

Kuta zake zingalipo, lakini kuta pekee hazisimulii. Kinachoihuisha ngome ni watu wanaokubali kufanya jambo lile lile usiku hadi usiku, na kuwarithisha wanaowafuata. Jiwe hudumu lenyewe, bali ada hufa siku ile ambapo hapana anayejitokeza kuitekeleza.