Picha 40 zilizosalia

Vita vilipomkimbiza mwaka 1870, mchoraji Camille Pissarro aliondoka na mwenzake Julie na watoto wao. Nyumbani Louveciennes, karibu na Paris, aliacha kazi ya takriban miaka 20, nyingi zikiwa picha za mandhari: njia za vijijini, mashamba, miti. Wanajeshi wa Prussia wakaingia humo.

Aliporudi kutoka London mwaka 1871, kati ya picha zipatazo 1,500 alikuta 40 hivi. Nyingine zilikuwa zimetandikwa bustanini ili buti za wanajeshi zisishike tope.

Alikuwa na miaka 40 na familia ya kulisha. Alirudi kwenye barabara zilezile za Louveciennes akazichora tena, kwa rangi angavu kuliko za zamani. Mwaka 1874 alikuwa miongoni mwa walioandaa maonyesho ya kwanza ya kundi lililokuja kuitwa Waimpreshonisti.

Lakini mandhari ya miaka ile ya mwanzo hayakurudi. Shamba hukatwa viwanja na mto huhama.

Kwa hiyo, mzee wa nyumbani kwenu akifukua michoro yake ya ujanani, msianze kutafuta kasoro. Muulizeni: hapa ni wapi? Mti huu ungalipo? Andikeni kwa penseli, nyuma ya kila picha, mahali na mwaka. Kisha zihifadhini mbali na unyevu, jua na mchwa, angali yupo wa kuzieleza.