Jicho la hasidi: Dua alizofundisha Mtume na mipaka yake

Na Mwandishi Wetu

NI jambo la kawaida katika mitaa ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa kumwona mtoto mchanga aliyepakwa wanja kwenye paji la uso, au aliyefungwa hirizi mkononi, kwa imani kuwa atasalimika na jicho la hasidi. Mtoto huyo akikesha analia au akikataa kunyonya, wazee huwa wepesi kusema kuwa amepatwa na jicho, na mara huitwa mtu wa kumsomea zinguo.

Kwa Waislamu, suala hili si mila tupu. Hadithi iliyomo katika kitabu cha Imamu Muslim inathibitisha kuwa jicho ni jambo la kweli. Aidha, wafasiri wengi wanaeleza kuwa Nabii Yaakubu alipowausia wanawe waingie mjini kwa milango tofauti, kama inavyosimuliwa katika Sura Yusuf, aya ya 67, alikuwa akihofu wasipatwe na jicho.

Kinachohitaji kufafanuliwa ni ipi kinga iliyofundishwa na dini, na yepi yameongezwa na watu.

Msingi wa kinga hiyo ni sura mbili za mwisho za Qur'ani: Al-Falaq, yenye aya tano, na An-Nas, yenye aya sita. Ya kwanza inamalizia kwa kuomba hifadhi dhidi ya shari ya hasidi anapohusudu. Kwa mujibu wa hadithi ya Bi Aisha iliyopokewa na Imamu Bukhari, Mtume Muhammad (S.A.W.) kila usiku alipokwenda kulala alikusanya viganja vyake, akasoma sura hizo pamoja na Al-Ikhlas, akapuliza, kisha akajipangusa mwili kuanzia kichwani, mara tatu.

Kwa upande wa watoto, Ibn Abbas amepokea kuwa Mtume aliwaombea wajukuu wake, Hasan na Husein, hifadhi dhidi ya shetani, wadudu wenye sumu na kila jicho baya. Alieleza kuwa dua hiyo ndiyo Nabii Ibrahimu aliyowaombea Ismaili na Is'haka. Mzazi yeyote anaweza kuisoma mwenyewe, bila kumlipa mtu.

Hata hivyo, wengi husahau kuwa jicho halitoki kwa adui peke yake. Katika Muwatta ya Imamu Malik kuna kisa cha sahaba Amir bin Rabia, aliyemwona mwenzake Sahl bin Hunaif akioga, akastaajabia uzuri wa ngozi yake. Sahl akaugua papo hapo. Mtume alimkemea Amir kwa kutomwombea mwenzake baraka, akamwamuru atawadhe, na maji hayo yakamwagiwa mgonjwa, akapona. Ndiyo maana anayeona kizuri hutakiwa kumwombea mwenye nacho baraka. Neno "mashaallah" lililozoeleka katika Kiswahili nalo lina asili katika Sura Al-Kahf, aya ya 39.

Kuhusu kumsomea mgonjwa, hadithi ya Auf bin Malik katika kitabu cha Muslim inaruhusu kisomo madhali hakina ushirikina. Mwanazuoni Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 1449, alitaja masharti matatu: kiwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina na sifa Zake, kiwe kwa lugha inayoeleweka, na iaminiwe kuwa kisomo hakiponyi kwa nguvu zake chenyewe. Mganga anayenong'ona maneno yasiyojulikana au kudai kuku wa rangi fulani yuko nje ya mipaka hiyo.

Hirizi nazo zina mjadala. Zenye maandishi yasiyo ya Qur'ani zimekatazwa. Zenye aya tupu, baadhi ya wanazuoni waliziruhusu, huku wengine, akiwamo sahaba Ibn Masud, wakizikataa.

Hatari iko pale dua inapofanywa kisingizio cha kumchelewesha mgonjwa. Degedege, ambalo wengi hulihusisha na jicho au mashetani, mara nyingi huletwa na homa kali, ikiwamo ya malaria. Malaria aina ya falciparum isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kuwa kali na kuua. Mtume mwenyewe aliwaagiza waumini watafute tiba, akieleza kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa, isipokuwa uzee. Mama anaweza kumsomea mwanawe Al-Falaq akiwa njiani kuelekea hospitali. Moja halizuii jingine.

Hatari ya pili ni kumnyooshea kidole jirani, mke mwenza au bibi kizee wa mtaa kuwa ndiye mwenye jicho. Sura Al-Hujurat, aya ya 12, inaonya dhidi ya kudhaniana vibaya. Dua zote zilizotajwa zinamwelekea Mwenyezi Mungu kumwomba hifadhi; hakuna hata moja inayomtaka msomaji amtafute mchawi wake.