Bodi ya bei chee, rimoti ya bei mbaya

Ndege ya rimoti ya kwanza huanguka. Lipigie hesabu hilo kabla hujafungua pochi, maana ndilo linaloamua fedha iende wapi.

Kiwiliwili kwanza. Seti ya mbao nyepesi za balsa inakuja imeshakatwa, nawe unashinda jioni kadhaa ukigundisha mbavu za bawa mojamoja. Inapendeza, inaruka vizuri, na siku ikijikita ardhini unaokota njiti. Fomubodi, ule ubao wa povu wenye karatasi pande zote wanaojengea mifano wanafunzi wa usanifu majengo, unapatikana duka la vifaa vya shule kwa sehemu ndogo ya gharama ya balsa. Pua ikivunjika, gundi ya moto na dakika kumi, unarudi uwanjani. Kwa anayejifunza sioni ubishi. Supagluu tu usiiguse: inalila povu. Tone moja liliniachia tundu la kuingiza kidole kwenye bawa.

Kwenye servo, vile vimota vinavyogeuza usukani na sehemu za bawa, ndiko watu wanakoibiwa na macho yao. Ya gia za plastiki ina gramu 9. Ya gia za chuma ina kama 13, na bei yake ni karibu mara mbili. Muuzaji atakusukumia za chuma zote nne. Mabawani plastiki inatosha kabisa. Chuma weka kwenye usukani unaogeuza pia gurudumu la mbele, kwa sababu kila unapotua vibaya kishindo kinapanda moja kwa moja hadi kwenye gia. Na usizifunge servo mkiani. Gramu chache kule nyuma zinadai risasi nyingi puani ili uzito ukae robo hadi theluthi ya upana wa bawa, kuanzia ukingo wa mbele. Zikae karibu na bawa, ziendeshe mkia kwa waya mrefu. Waya wa mabawa ni mfupi: spoki ya baiskeli ya milimita 2, ikunje ncha kama herufi Z kwa koleo, ipenyeze kwenye tundu la mkono wa servo ulilolipanua kidogo. Hakuna cha kuagiza hapo.

Mota ya saizi 2212 na kidhibiti mwendo cha ampea 30 vinatosha, basi, nenda mbele.

Betri ya lithiamu ya volti 11.1 nunua ya hapa hapa hata ikizidi bei. Tangu Aprili 2016 betri za aina hii zikisafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, kwa hiyo agizo lako linaweza kusota wiki nyingi. Chaja iwe ya kusawazisha seli, kila moja iishie volti 4.2.

Rimoti ndiyo nisiyoibania. FlySky FS-i6 na kipokezi chake ni takriban dola 50, pengine zaidi ya vyote vilivyo ndani ya ndege. Lakini haipandi angani, kwa hiyo haianguki. Yangu inarusha ndege ya nne sasa. Zile tatu zimebaki servo tu, ndani ya kopo la maziwa ya unga.