Kwa nini gari lenye turbo hukosa nguvu mlimani

Mashariki mwa Uganda, barabara ya kutoka Jinja kupitia Iganga na Tirinyi hadi Mbale kwa sehemu kubwa ni tambarare, hivyo kasoro ya turbo huweza kujificha. Hujitokeza gari dogo linapoanza kupanda Mlima Elgon kuelekea Kapchorwa.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ili isukume hewa nyingi ndani ya injini. Kwa sababu hiyo, uchunguzi huanzia kwenye njia ya hewa: chujio lililojaa vumbi, au mpira uliopasuka na kutoa mlio wa hewa dereva anapokanyaga mafuta. Moshi mweusi huweza kuashiria kuwa hewa haitoshi. Wa buluu huonyesha kuwa oili inaungua, iwe imepenya kupitia turbo au pistoni.

Iwapo turbo yenyewe imekufa, fundi hana budi kutafuta sababu kabla ya kufunga nyingine. Mrija wa oili ulioziba na kuiua ya kwanza utaiua na ya pili, na mwenye gari atalipa mara mbili.