Rais na Simu za Watu

Baadhi ya wafadhili wetu wako Marekani, hivyo jambo hili linatugusa. Sheria yao ya mwaka 1978 iliitaka serikali ipate kibali cha mahakama maalum kabla ya kunasa mawasiliano kwa ajili ya ujasusi. Penye dharura iliruhusiwa kuanza kwanza na kuomba baadaye. Mwishoni mwa 2001 muda huo uliongezwa hadi saa 72. Kwa hiyo kisingizio cha haraka hakitushawishi.

Hata hivyo, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Rais George W. Bush aliruhusu simu na barua pepe kati ya Marekani na nchi za nje zinaswe bila kibali, akidai mamlaka ya Amiri Jeshi Mkuu. Gazeti la New York Times lilifichua Desemba 2005. Agosti 2006 Jaji Anna Diggs Taylor wa Detroit aliamua kuwa Katiba imevunjwa. Julai 2007 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo bila kusema Rais alikuwa na haki: walalamikaji hawakuweza kuthibitisha kuwa walisikilizwa. (Na mtu atathibitishaje jambo la siri?)

Mwaka 2008 Bunge liliruhusu wageni walio nje ya Marekani wafuatiliwe bila kibali cha kila mmoja. Wageni hao ni pamoja na sisi tunaowaandikia wafadhili kutoka huku.